Ufundi kwa Asiyetarajia Kutoka

Wapendwa katika Bwana,

Neno la juma hili ni Yeremia 29:5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake; kapandeni bustani, mkale matunda yake." Nabii aliwaandikia mateka wa Babeli, na hakuwaficha kwamba uhamisho wao ungedumu miaka 70, hivyo mtu mzima aliyesomewa barua ile alielewa kuwa atazikwa huko huko. Hata hivyo aliagizwa kujenga.

Jijini kwetu Mbeya lipo Gereza la Ruanda, lenye chuo chake cha ufundi. Aliyehukumiwa kifungo cha maisha hahusiki na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, inayomruhusu mfungwa kumalizia kifungo chake nje kwa masharti. Tumaini lake ni rufaa au msamaha wa Rais, kama ule wa Desemba 9, 2017 uliowafungulia mlango baadhi yao. Je, ni halali fedha za umma zimfundishe useremala mtu wa namna hiyo?

Mzazi wa Uyole anayeuza viazi ili mwanawe apate ada ya chuo cha ufundi cha VETA ana haki ya kuuliza, nami sithubutu kumkemea. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo waajiri huilipa kwa kukokotoa mishahara, ilishushwa Julai 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na vijana wanaosubiri nafasi ni wengi. (Wala tusiisahau familia iliyodhulumiwa na mfungwa huyo, ambayo mara nyingi hatuiombei hata mara moja.)

Lakini tulitazame jambo hili kwa utulivu. Serikali humlaza na kumlisha mfungwa wa maisha kwa miongo mingi, awe anafanya kazi au amekaa bure. Mwenye kifungo cha miaka miwili huondoka karakana kabla mkono haujazoea randa. Anayebaki ndiye anayeweza kufikia ufundi kamili, kisha akawafundisha wale watakaorudi Mbalizi na Tukuyu kuishi nasi. Kwa hesabu hiyo, fedha iliyomfundisha yeye haikuishia kwake. Paulo naye, katika Waefeso 4:28, anamtaka mwibaji atende kazi iliyo nzuri kwa mikono yake "apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji". Hakusema kwanza awe huru, na shabaha aliyoiweka ni mhitaji, si faraja ya mwibaji. Kwa sababu hiyo naona mafunzo yasiyomfikisha mfungwa kwenye kumtumikia mwingine bado ni nusu ya agizo.

Katika jumuiya zetu juma hili tusome Yeremia 29:4–14. Mwenye randa, patasi au msumeno asivyovitumia na avikabidhi kwa mzee wa kanisa, naye mzee aulizie kwa uongozi wa gereza kama vitapokelewa, kwa kuwa chombo chenye makali hakiingii mle bila kibali.