Marwa, Malwa, Maruwa

Mtoto aliletwa mgongoni, ingawa kwa umri wake wa miaka sita alipaswa kuja anatembea. Bibi yake alimteremsha taratibu kwenye benchi la mapokezi, akataja jina. Karani kijana aliyekuwa zamu akaliandika kwenye kompyuta kama alivyolisikia, akatafuta, akangoja.

"Hayupo, bibi. Amewahi kutibiwa hapa?"

Bibi akasema amewahi, tena mara nyingi, mara ya mwisho kabla ya Pasaka.

"Mashine inasema hayupo." Akamfungulia faili jipya.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya karani yule, nimeshika kibanio cha nyaya za mtandao. Ilikuwa Agosti 2013, wiki yangu ya nne ya mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja mkoani Mara. Mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya kompyuta ulikuwa umekwisha, na sisi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tulikuwa tumetawanyika nchi nzima kwa wiki nane za fildi. Wenzangu wengi walibaki Dar, kwenye mabenki na kampuni za simu. Mimi niliomba Mara kwa sababu mjomba wangu alikuwa na chumba cha kunilaza.

Hadi asubuhi ile logibuku yangu ilikuwa na mambo anayoyajua kila aliyekwenda fildi ya kompyuta: kubana vichwa vya nyaya, kusafisha virusi kwenye flashi, kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa, kumrudishia mhasibu faili alilolifuta. Kila jioni niliandika nilichofanya, na kila Ijumaa msimamizi wangu alitia sahihi. Nilishaanza kuhesabu siku za kurudi chuoni.

Basi bibi yule alipoeleza kwa mara ya pili kwamba mtoto anajulikana pale, sauti yake ilipenya hadi chumba cha nyuma, kwenye mafaili ya karatasi. Akatoka mama mmoja wa makamo, mtunza kumbukumbu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alimtazama mtoto, akamsalimia bibi kwa Kikurya, akarudi ndani bila kumwambia karani neno. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na majalada matatu.

Jina la kweli la mtoto silitaji. Tuseme aliitwa Marwa, jina ambalo ukipiga ukelele nalo sokoni kule watageuka wanaume kumi. Jalada la kwanza liliandikwa Marwa. La pili, Malwa. La tatu, Maruwa. Na hilo jipya lililokuwa likichapwa lingekuwa la nne. Mtoto mmoja, bibi mmoja, kijiji kilekile.

Mama alinipa mimi majalada, kwa kuwa ndiye niliyekuwa sina kazi mikononi. "Kimbia kwa daktari, mwanangu. Huyu ni wa selimundu." Ndiyo siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Nilimkuta daktari ameshaletewa majibu ya maabara. Wingi wa damu wa mtoto ulikuwa 7, na fomu ya kuomba damu ilikuwa mezani, imejazwa nusu. Alifungua majalada yale, akaanza kufuata tarehe kwa kidole. Siku mtoto alizokuja kliniki akiwa mzima, hana homa wala maumivu, damu yake ilikuwa 7.1, 6.9, 7. Daktari akaiweka kalamu chini.

Nilimuuliza, na nashukuru hakunifukuza. Alinieleza kwamba chembe nyekundu za damu za mtu mwenye selimundu huishi siku kumi hadi ishirini hivi, wakati za mtu mwingine huishi kama siku 120, kwa hiyo damu yake iko chini siku zote na mwili wake umezoea. Saba inayomtisha daktari kwa mtoto mwingine, kwa huyu inaweza kuwa hali yake ya kawaida. Swali ni kama imeshuka kutoka pale inapokaa daima, na jibu la swali hilo liko kwenye faili tu. Kumwongezea damu mtoto asiyeihitaji kuna madhara yake, na chupa ile inaweza kumfaa mama anayejifungua usiku uleule. Mtoto alipewa dripu na dawa ya maumivu, akalazwa. Siku ya tatu niliwaona wakiondoka, naye akitembea mwenyewe.

Usiku wa siku ile ya majalada sikulala vizuri. Mfumo wa kusajili wagonjwa ulikuwa umeandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, na kanzidata yake, yaani ghala la taarifa zake, ilikuwa MySQL, vitu nilivyovifanyia mitihani. Darasani tulisoma kutafuta taarifa kwa haraka, tukahesabu hatua na kuchora miti ya data. Hatukuwahi kujiuliza itakuwaje iwapo kinachotafutwa kimo, lakini kimeandikwa na sikio jingine.

Nilijua kwamba MySQL ina Soundex ndani yake, mbinu ya kugeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu kulingana na sauti zake. Mmarekani Robert Russell aliipatia hataza mwaka 1918, na baadaye Marekani waliitumia kupanga faharasa za sensa zao. Asubuhi nilikwenda kwa msimamizi nikaomba nakala ya kanzidata nifanyie majaribio, nisiguse ile inayotumika. Akakubali. Nikajaribu Mohamed, Muhammad na Mohamedi: yote matatu yakatoka pamoja. Nilifurahi kwa kama dakika mbili. Nikaandika Halima na Harima. La kwanza likatoka H450, la pili H650. Kwa Soundex, l ni 4 na r ni 6, kwani katika Kiingereza hizo ni sauti mbili tofauti. Rehema na Lehema ndiyo kabisa, kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi. Kristina na Christina hivyohivyo.

Ukanda ule Kiswahili hukutana na Kikurya, Kijita, Kizanaki, Kijaluo na Kisukuma, na r na l hubadilishana nafasi kutegemea mdomo unaotamka na mkono unaoandika. Watu wengi huligeuza jambo hili kuwa mzaha. Mimi nilikuwa nimeona fomu ya damu iliyojazwa nusu, sikuweza kucheka.

Nikamfuata mama wa kumbukumbu. "Shikamoo mama. Naomba unifundishe majina." Alinitazama kidogo, akasogeza kigoda. Mchana wa siku mbili tulikaa kati ya rafu zile, yeye akitaja na mimi nikiandika: Bhoke na Boke, Ghati na Gati, Magreth na Magereti, Abdallah na Abudara. Alizijua jozi hizi kwa miaka mingi ya kutafuta majalada yaliyopotea huku mgonjwa akisubiri. Kutokana na orodha yake niliandika kanuni zangu: l na r zihesabiwe sauti moja, hata mwanzoni mwa jina, bh iwe b, gh iwe g, c ya Christina isomwe k, herufi mbili zinazofanana ziwe moja, "uwa" iwe "wa", na irabu ndogo inayochomekwa kati ya konsonanti isihesabiwe. Kila jina likapata ufunguo wake katika safu mpya ya jedwali. Programu yenyewe haikuzidi mistari mia. Marwa, Malwa na Maruwa wakawa kitu kimoja.

Hapo nikataka kwenda mbali zaidi: mfumo uunganishe wenyewe mafaili yanayofanana. Mama alikataa kabla sijamaliza sentensi.

"Ukiwaunganisha akina Marwa wa wilaya hii, mwanangu, utampa mtu dawa ya mwenzake."

"Sasa wewe unawatofautishaje, mama?"

"Nauliza jina la mama yake. Nauliza kijiji. Wakigongana bado, nauliza balozi wao wa nyumba kumi ni nani. Watu wawili wanaweza kufanana majina yote matatu, lakini nyumba haziko mbili mahali pamoja."

Nilifuta nilichokuwa nimeandika. Badala yake, karani akitafuta jina, kioo kilionyesha wote wanaokaribiana kwa sauti, na mbele ya kila mmoja jina la mama, kijiji na balozi. Jina la balozi halikuwamo kwenye mfumo, likaongezwa. Msimamizi alipitia kila mstari pamoja nami, tukaijaribu kwa wiki nzima kwenye nakala, kisha wiki ya saba akairuhusu mapokezini.

Siku tatu kabla sijapanda basi kurudi Dar, bibi yule alikuja kliniki na mjukuu wake. Mtoto alikuwa na kaptula mpya. Nilikuwa nimekaa pembeni nikijaza logibuku. Karani kijana aliuliza jina, akaandika Malwa, kama sikio lake lilivyomwambia. Wakatokea tisa. Akainua uso kutoka kwenye kioo, akamgeukia bibi.

"Balozi wenu ni nani, bibi?"

Bibi akamtaja, na kuanza kueleza nyumba iko upande gani wa mto.