Jina la leso liko wapi?
Wiki hii najifunza UML, ile lugha ya michoro ya kusanifu programu iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 1997. Jana nilichora mfumo wa duka la leso la mama mdogo, pale Biashara Street. Kisanduku cha "Leso" nikakijaza: rangi, bei, idadi.

Akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole. "Mwanangu, na jina je? Watu huja kuulizia jina."

Kweli kabisa! Leso ni maneno yake, ule usemi ulioandikwa juu yake, ndio jina lenyewe. Tena huuzwa kwa jozi, nami nilihesabu vipande. Nikafuta kwa raba, nikachora upya hapo hapo kaunta, kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Wallahi nimefurahi! Leo nachora mishale ya malipo ya M-Pesa, alasiri nampelekea.