Kusimamia kundi la mtandaoni ni kazi, si cheo

Kundi moja la WhatsApp hubeba watu 1,024. Likijaa, wengi hufungua la pili na wanachama wakagawanyika. Afadhali uunde Jumuiya, sehemu ya WhatsApp inayounganisha makundi kadhaa, yenye ubao mmoja wa matangazo kwa makundi yote.

Ustadi wa kwanza ni uandishi. Kanuni 5, si 20, zisomeke kwa simu bila kusogeza skrini. Chukua kundi la wauza mitumba wa soko la Kongowea, Mombasa: tangazo lisilo na bei ndilo huzaa vurugu, maana watu 30 watauliza "bei gani?" na picha ipotelee juu huko. Basi kanuni iseme: picha, bei, saizi, mahali pa kuchukulia.

Ugomvi ndio mtihani wenyewe. Piga picha ya skrini kwanza, ndipo ufute ujumbe, kisha umwandikie mhusika faraghani ukimtajia kanuni aliyovunja. Andika tarehe na hatua uliyochukua. Bila rekodi, utakayemtoa atadai umempendelea jirani yako, na Mombasa hii kila mtu ni jirani ya mtu.

Namba za simu pia ni dhamana yako. Ukizinakili na kuwauzia watangazaji, unagongana na Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019.