Siku moja maishani mwangu: mti wa Krismasi wa malema

Saa 11 na nusu alfajiri. Adhana ya simu inanikuta niko macho. Naswali, nakunywa chai ya tangawizi na mahamri mawili niliyoyatoa kwenye friza jana, navaa sweta juu ya sweta, kisha natoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Ninaishi Lynn, jimbo la Massachusetts, na kazi yangu iko Gloucester, kiasi cha dakika arubaini kwa gari. Ni mhudumu katika nyumba ya wazee. Kwetu ni Lamu, na ada yangu ya shule yote ilitoka kwenye malema ya baba.

Kwa msomaji wa bara: lema ni mtego wa samaki unaosukwa kwa fito, mdomo wake mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Samaki akishaingia haoni tena alipoingilia. Watanzania huliita dema.

Saa 1 asubuhi. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi wazee wanane. Kuogesha, kuvisha, kupima presha, kusukuma viti hadi chumba cha chakula. Hapa sisemi mengi. Ni yale yale kila siku, na mtu akiogeshwa ni siri yake.

Wa nane huwa namwacha mwisho, kwa sababu kwake nachelewa. Jina lake silitaji. Sote tunamwita Kapteni. Alitega kamba zaidi ya miaka hamsini, wale wakubwa wenye magando, si kambakoche wetu wa miiba. Siku hizi kumbukumbu imemtoka. Jina la bintiye linampotea, vifungo vya shati vinamshinda, lakini kila nikifungua pazia swali ni lile lile: “Upepo unatoka wapi?”

Leo bendera ya nje imejibu yenyewe. “Kaskazini mashariki, Kapteni.”

Akakunja uso. “Basi hakuna kutoka.”

Hapo ndipo mimi na yeye tunapopishana. Upepo wa upande huo kwetu ni kaskazi, na Disemba ndiyo kwanza umetulia. Bahari imelainika, wavuvi wanashukuru kusi limepita. Kwake yeye upepo huo huo ni dhoruba, ndio unaozamisha watu. Mwanzoni nilikuwa nikimjibu kwa furaha, nikawa sielewi kwa nini ananiangalia kama mwendawazimu.

Saa 4 asubuhi. Kazi ya leo isiyo ya kila siku: mti wa Krismasi wa ukumbini. Mjini Gloucester, mbele ya kituo cha polisi, kila mwaka hupangwa mamia ya malema ya kamba hadi yakawa mti mrefu kuliko nyumba, na watoto huupamba kwa maboya waliyoyapaka rangi wenyewe. Wazee wetu wengi hawawezi kusimama kwenye baridi hiyo, basi mjukuu wa Kapteni ametuletea malema sita kwa pikapu tutengeneze wetu.

Matatu chini, mawili juu yake, moja limesimamishwa wima kileleni. Si mti wa kushangaza, ila umesimama.

Malema ya huku ni ya waya uliovishwa plastiki, matundu ya mraba, na matofali ndani ili yazame. Upande mmoja kuna kidirisha cha kuwaachia kamba wadogo watoke. Kwenye moja nilikuta gando la kaa limekauka, na mwani umeshika kona. Na harufu! Yalisafishwa, lakini heringi wa chambo haondoki kwa maji ya bomba. Meneja alipita, akasimama, akauliza kama hatungeweza kununua mti wa plastiki. Bibi mmoja mwenye miaka tisini na mbili, mjane wa mvuvi, akamwambia hii ndiyo harufu iliyolipia nyumba yake. Meneja akaondoka.

Saa 5. Maboya matatu yameletwa yapakwe rangi. Mawili hayakuwa na shida. La tatu lilikuwa jeupe lenye mkanda wa rangi ya chungwa, na kijana wa kujitolea akaanza kulichora mtu wa theluji. Kapteni, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya maneno kumi, akalinyakua.

“Hilo ni langu.”

Kila mvuvi huku ana rangi zake, na boti yake huonyesha rangi hizo hizo. Ukikuta boya si lako, huligusi. Tulilifuta theluji kwa kitambaa, tukalitundika kama lilivyo.

Kisha akaona kwamba wavu wa mdomo wa lema la chini umechanika. Mjukuu akampa sindano ya nyavu, nadhani kwa kumfurahisha tu. Yule mtu asiyeweza vifungo vya shati akavuta uzi, akapima tundu kwa kidole, akafunga kifundo, na kingine, na kingine. Tulinyamaza. Ilimchukua robo saa, kisha akauliza upepo unatoka wapi.

Saa 6 mchana. Mapumziko. Lamu ni saa 2 usiku, nampigia baba kwa video.

“Masalkheri, baba.”

“Masalkheri, mwanangu. Umekula?”

Namgeuzia simu aone mti. Anasogeza uso hadi naona pua tu. “Hilo lema au tundu la kuku?”

Namweleza kwamba lema la huku lina vyumba viwili: cha kwanza chenye chambo wanakiita jikoni, cha pili sebule, na akishafika sebuleni ndiyo basi. Baba alicheka hadi akakohoa. “Mgeni mnamlisha jikoni halafu mnamfungia sebuleni! Adabu gani hiyo?” Yeye na wenzake kambakoche walimfuata kwa kupiga mbizi, wakimtisha kwa pweza atoke mwambani.

Saa 9 alasiri natoka kazini. Mjukuu wa Kapteni ananiambia kuanzia Februari sehemu kubwa ya bahari ya jimbo hili hufungwa isitegwe mitego hadi msimu wa kuchipua, nyangumi wasije wakanaswa na kamba za maboya. Nilijaribu kumfafanulia kwamba kwa lugha yangu anayenaswa ni kamba na kinachonasa nyangumi pia ni kamba. Hakuelewa, na kusema kweli sikumlaumu.

Saa 10 na robo. Magharibi imeshaingia! Miaka sita na bado sijaizoea Disemba ya huku. Naswali ndani ya gari, kisha natembea kando ya maji hadi kwenye sanamu ya mvuvi aliyeshika usukani. Ni ya shaba, iko pale tangu 1925, na kwenye mabamba mbele yake kuna majina zaidi ya 5,300 ya waliokufa baharini.

Mti wenyewe, ule wa kituo cha polisi, umeshawashwa. Miji mingine nayo ina yake. Provincetown, ng'ambo ya ghuba, msanii Julian Popko alianzisha wao mwaka 2004, na Rockland kule Maine huweka kamba mkubwa juu kabisa. Sitaingia kwenye ubishi wa nani mzuri. Hapa ninachopenda ni maboya: samaki mwenye miwani, jina la mbwa, bahari iliyopakwa zambarau. Baadaye hupigwa mnada, na fedha huenda Art Haven, kituo cha sanaa cha watoto hao. Watu wanapita na chokoleti ya moto, hakuna anayetazama midomo ya malema. Mimi naitazama. Mmoja umechanika.

Saa 3 usiku. Niko Lynn, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Picha nilishamtumia baba nikidhani amelala. Kumbe ameamka alfajiri na mapema, ameacha ujumbe wa sauti: “Nimeona. Ni zuri. Lakini malema yote hayo wameyapanga juu, sasa kesho watatega nini?”