Risasi iliyokuwa ikipotea ndani ya chupa za maji

Mnaopima maji ya visima huku Mtwara, hii inaweza kuwaokoa. Sampuli za Mikindani zilisoma risasi (ile metali yenye sumu, lead) vizuri zikiwa mpya. Zikikaa, usomaji unashuka. Tulibadilisha taa ya mashine ya kupimia, tukatengeneza viwango vipya vya kulinganishia. Wapi!

Kumbe risasi haikwenda popote, ilikuwa imenata kwenye kuta za chupa. Dawa ni asidi ya nitriki iliyo safi kabisa, kidogo kidogo hadi pH (kipimo cha uasidi) ishuke chini ya 2. Funga, tikisa, acha angalau saa 16, pima pH tena, ndipo uchote maji ya kupima.

Lenye uzito ni hili: asidi itiwe kwenye chupa ileile iliyotoka kisimani. Ukishamimina kwenye chombo kingine, risasi umeiacha nyuma. Kiwango elekezi cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni mikrogramu 10 tu kwa lita, kwa hiyo hicho kilichonata kinaweza kugeuza jibu zima, kisima kikaonekana salama bure.

Maji yenye chokaa hula asidi zaidi na hutoa mapovu, basi tia polepole. Maji matupu ya kudhibiti (yale safi yasiyo na risasi, ya kulinganishia) nayo yatiwe asidi hiyohiyo.