Akaamuru apewe chakula

Somo la wiki hii: Marko 5:35–43

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi mmekuwa mkiniulizia, na mliofika nyumbani mlinikuta nimekaa barazani na kilemba changu kichwani, mkashangaa. "Mama, si tuliambiwa umefanyiwa upasuaji wa moyo?" Nilielewa macho yenu yalikuwa yanatafuta nini: bandeji kifuani. Haipo. Daktari alipitia kwenye mshipa wa paja la kulia, karibu na kinena, akaingiza mrija mwembamba hadi kwenye moyo. Nilikuwa macho, nimepigwa ganzi pale pale tu. Kwenye kioo niliuona mshipa wangu mwenyewe ulivyobana. Akapanua kwa puto dogo, kisha akaacha pale stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachouzuia mshipa usijifunge tena. Nililala chali kwa saa kadhaa bila kukunja goti, na kesho yake nikaruhusiwa. Kidonda changu chote kinafunikwa na sarafu moja.

Miaka ya nyuma mgonjwa kama mimi angesubiri rufaa ya India. Mimi nilitoka Mbagala nikaenda Muhimbili. Na mwaka 1977, nilipokuwa darasa la nne naruka kamba na wenzangu, daktari Andreas Grüntzig kule Zürich, Uswisi, alipanua kwa puto mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho, kwa mara ya kwanza. Niliposimuliwa habari hiyo nililia. Bwana alikuwa ameshaanza kunishughulikia, nami nilikuwa mtoto nisiyejua hata moyo uko upande gani.

Udogo wa kidonda ndio ulioniponza. Niliagizwa vizuri: wiki nzima usinyanyue kitu kinachozidi kilo tano, usichuchumae, ukikohoa au kupiga chafya bonyeza kidonda kwa kiganja. Yote niliitikia. Lakini rohoni nilikuwa nimeshajichagulia andiko, lile la mama mkwe wa Simoni, maana nami ni mama mkwe, naishi na mwanangu na mkewe. Marko 1:31: Bwana alimshika mkono akamwinua, homa ikamwacha, akawatumikia. Andiko hilo tumelifundisha sana kwenye vikundi vyetu vya akina mama. Mimi mwenyewe nimesimama nikasema kwamba dalili ya kuponywa ni kutumika.

Basi siku ya tatu asubuhi, mkwe wangu akiwa ameenda gengeni, nikaona ndoo ya maji mlangoni pa bafu. Nikaona aibu kubebewa maji ya kuoga na mtu aliyekesha ananihudumia. Nikainyanyua. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20.

Nilisikia ujotoujoto ukishuka pajani. Kutazama, kitenge kimelowa damu.

Mungu alimrudisha yule binti; alikuwa amesahau hela. Hakupiga kelele. Alinilaza kwenye mkeka, akakunja kanga safi, akaiweka juu ya kidonda na kukandamiza kwa uzito wake wote, kama alivyoonyeshwa siku ya kuruhusiwa. Wapendwa, mnajua pale ni mahali ambapo mkwe hapaswi kupaona. Nikawa navuta kitenge nijisitiri. Akaniambia, "Mama, acha. Tulia." Alikandamiza dakika kumi na tano akiangalia saa ya simu, mikono inatetemeka, chozi lake likanidondokea gotini. Damu ikakata. Tukaenda hospitali wakaniangalia, wakaniagiza nikalale. Siku zilizofuata ngozi ya paja ilikuwa zambarau, ikawa kijani, halafu njano kama embe linaloiva.

Nikiwa nimelala hivyo ndipo nilipokutana na binti Yairo wa Marko 5, yule mtoto aliyekufa Bwana akamfufua. Sura hiyo nimeisoma tangu ujana, lakini siku zote nilikuwa naishia kwenye "Talitha, kumi", yaani "Msichana, inuka", nashangilia, nafunga kitabu. Safari hii sikuwa na haraka ya kwenda popote, nikasoma hadi mwisho. Msichana wa miaka 12 amesimama, anatembea. Nyumba nzima imepigwa na mshangao. Na Bwana, aliyetoka kumwita kutoka mautini, anaona jambo ambalo baba, mama na wale wanafunzi watatu hawajaliona: mtoto ana njaa. Akaamuru apewe chakula.

Nimelikalia neno hilo wiki mbili sasa. Aliyemrudishia uhai alishindwa nini kumshibisha? Angesema neno moja tu. Lakini mwili aliourudisha aliukabidhi kwa watu wa nyumbani waupikie. Na msichana hakuambiwa aende kuwatumikia wageni waliokuwemo ndani. Kazi yake siku ile ilikuwa kula.

Mama mkwe wa Simoni sijamwacha. Yeye homa iliondoka yote mara moja. Mimi nimepewa mshipa uliofunguka na miezi ya kuulea. Bwana ni yule yule, na ni yeye anayepanga nani anyanyuke na kuwasha moto, na nani akae apokee sahani.

Kuna jambo nalisema kwa uzito, kwa sababu najua halikuniumiza mimi peke yangu. Mpendwa mmoja alikuja kuniombea, akaona vidonge mezani, akasema, "Kama umeamini, mbona bado unameza?" Vidonge hivyo ni viwili, aspirini na klopidogreli. Stenti ni kitu kigeni mwilini. Damu inaweza kuganda juu yake na kuziba mshipa ghafla, mpaka utando wa mshipa wenyewe uote na kuifunika. Ndiyo maana tunaambiwa tuvimeze vyote viwili kwa miezi mingi, mara nyingi hadi mwaka, na asiviache mtu bila daktari wake kumwambia. Maumivu ya kifua yakirudi, ni hospitali saa hiyo hiyo, usingoje ibada iishe. Someni 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu kufa, akalia, Mungu akasema nimeyaona machozi yako, akamwongezea miaka 15. Na katika sura hiyo hiyo nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Wala Hezekia hakuambiwa ataruka siku ile. Aliambiwa siku ya tatu atapanda nyumbani mwa Bwana. Hakuna aliyemuuliza mfalme mbona bado anabandika tini.

Wiki hii tuwaombee walioko majumbani baada ya hospitali, hasa wale ambao kidonda chao hakionekani. Mkienda kuwaona, bebeni chakula. Na waombeeni wanaowauguza; mkwe wangu alikaa siku nyingi bila kulala vizuri, na sikuwa nimemwambia asante.

Nilimwambia jioni ya siku ile ya damu. Alikuwa ameniletea uji wa ulezi kwenye bakuli la bluu, akakaa pembeni ya kitanda, akapoza kijiko cha kwanza kwa kupuliza. Nilitaka kukishika mwenyewe. Nikaacha. Nikafungua mdomo.