Ngazi ya Lushoto na siku tano za nyumba tupu

Chaki, tochi na watu wawili. Jumamosi ya kwanza ya kuitengeneza ngazi ya zamani inayolia, katika nyumba ya wikendi huko Lushoto, haikuhitaji zaidi ya hapo. Mmoja hupanda polepole akikanyaga kila kidato mara tatu, kushoto, kati na kulia. Mwenzake amejikunja kwenye stoo iliyo chini ya ngazi, anamulika na kutia alama kila anapoona ubao unacheza. Kufika saa nne asubuhi vidato vyote 14 vilikuwa vimesomwa: vitano vya kubadilishwa, sita vya kukazwa, vitatu vizima. Ukiwa juu ungedhani ni kinyume chake. Vile vilivyochakaa uso vilikuwa imara, na viwili vilivyong'aa vizuri vilikuwa vimeshikwa na rangi tu.

Ngazi yenyewe ni ya mkulo, mti wa milima hii hii ya Usambara. Wataalamu wa mimea wanauita Ocotea usambarensis, na hadi leo randa ikipita juu yake hutoa harufu ya kafuri. Mkulo haupatikani tena kirahisi, kwa hiyo kila ubao unaookoleka unaokolewa. Muundo wa ngazi ni ule wa mbavu zilizofunga: ubao mrefu wa mshazari kila upande, na ndani yake mifereji yenye kina cha milimita 12 ambamo kila ubao wa kukanyagia umezama ncha zake. Chini ya ubao, ndani ya mfereji huo huo, imepigwa kabari yenye gundi inayousukuma juu ubane. Ubao wa wima, ule unaogongwa na ncha ya kiatu, nao una kabari yake.

Hapo ndipo mlio unapozaliwa. Kabari ikisinyaa, hata kwa unene wa karatasi, ubao unapata nafasi ya kushuka na kurudi kila unapokanyagwa, na mbao mbili zinasuguana. Msumari uliolegea nao una kelele yake, ila ni fupi na kali zaidi. Sikio linajifunza kutofautisha. Poda ya mtoto ikipulizwa kwenye ufa hunyamazisha mlio kwa muda. Ni dawa ya kubembeleza, si ya kuponya.

Kinachoitofautisha kazi hii na ya nyumba ya mjini ni kalenda. Ngazi ni moja, vyumba vya kulala viko juu, na familia inafika kutoka Tanga Ijumaa jioni ikiwa na mizigo, watoto, na bibi asiyetaka kusikia habari ya kulala sebuleni. Basi hakuna kuacha shimo. Kinachofunguliwa Jumamosi asubuhi lazima kikanyagike Jumamosi usiku. Lakini tangu Jumapili alasiri hadi Ijumaa jioni nyumba ni tupu, na siku hizo tano ndizo fundi mvumilivu kuliko wote: gundi inakomaa, vanishi inakauka, mbao zinazoea hewa ya mlimani bila mguu wa mtu. Mwanzoni zilihesabiwa kama siku zilizopotea. Sasa ndizo zinazopangwa kwanza, na Jumamosi inafuata.

Kabla ya kugusa mbao, vipimo. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni milimita 2,730, zikigawanywa kwa vimo 15 (kimoja zaidi ya vidato, kwa sababu cha mwisho kinaishia sakafu ya juu) ni milimita 182 kila kimo. Upana wa hatua, bila kuhesabu pua, yaani ukingo wa mbele unaochomoza, ni milimita 250. Kanuni ya François Blondel, Mfaransa wa karne ya 17, bado inatumika: mara mbili ya kimo ukijumlisha na upana wa hatua, jibu lisitoke mbali na milimita 600 hadi 640. Hapa ni 614. Fundi wa zamani alijua kazi yake.

Vipimo hivi ndivyo vilivyokataa wazo la kwanza, la kubandika mbao mpya za milimita 20 juu ya zile za zamani. Linaonekana jepesi. Lakini kimo cha kwanza kingepanda kuwa milimita 202, na cha mwisho, pale kwenye sakafu ya juu ambayo haibadiliki, kingebaki 162. Mguu haupimi kwa futi kamba. Unakumbuka kimo cha hatua mbili za mwanzo na kuamini zinazofuata ziko vivyo hivyo. Tofauti ya sentimita mbili kwa anayeshuka gizani ni kuanguka. Ni kosa lile lile la wanaotandika vigae sebuleni bila kufikiria kidato cha kwanza.

Mbao za kubadilisha ni mtiki. Shamba la Longuza liko Muheza, njiani kabisa. Paini ya Shume iko karibu zaidi na bei yake ni nafuu, na kwa mbao za wima inatosha, ila uso wa kukanyagwa unahitaji mti mgumu. Kisigino kimoja chembamba kinaacha alama kwenye paini siku ya kwanza. Hesabu ilikwenda hivi: ubao wa kukanyagia una upana wa milimita 280, pua ikiwemo, na mtiki wa upana huo kwa kipande kimoja ni adimu, kwa hiyo kila ubao ni mbao mbili za inchi sita zilizounganishwa kwa gundi. Vidato vitano, vipande kumi vya sentimita 95. Ubao wa futi 12 hutoa vipande vitatu na kubakiza kama sentimita 80. Mbao nne zinatosha, na mabaki ndiyo kabari. Zikatwe huko huko bondeni: kona za barabara ya kutoka Mombo si za kupita na futi 12 zikining'inia nyuma ya gari. Ncha zipakwe rangi au nta siku hiyo hiyo, vinginevyo zinapasuka.

Muuzaji aliapa kwamba mbao ni kavu. Wauzaji wote huapa. Kipimo chetu ni mizani ya jikoni: kipande kimoja kidogo kinapimwa kila Ijumaa usiku na uzito unaandikwa juu yake kwa penseli. Mbao zenyewe zimelazwa chumba cha juu, kila tabaka limetenganishwa na vijiti vya sentimita mbili, mbali na dirisha. Uzito uliendelea kushuka wikendi sita. Ulipobaki pale pale mara mbili mfululizo, ndipo randa ilipotolewa. Ubao wa milimita 280 uliowekwa ukiwa mbichi unaweza kusinyaa milimita tano au zaidi kwa upana wake, na ufa huo utatokea nyuma, penye ubao wa wima, pale pale mlio unapoanzia.

Wiki hizo sita hazikukaa bure. Mguu wa ubavu wa kushoto ulikuwa na mchirizi wa udongo, njia ya mchwa, na bisibisi iliingia sentimita tatu bila kusukumwa. Watu hulaumu mchwa. Chanzo kilikuwa ndoo na tambara: kila Jumapili sakafu inapigwa deki, maji yanaingia chini ya ubavu, madirisha yanafungwa, kisha siku tano za unyevu na giza. Nyumba tupu inakausha na nyumba tupu inaozesha, inategemea umeiachaje. Ubavu uliegemezwa kwa nguzo na kabari mbili, sentimita 25 za chini zikakatwa kwa mshazari, kikaungwa kipande cha mtiki kwa gundi na bolti mbili za milimita 10. Ncha zilizokatwa zilipakwa dawa ya mchwa mara mbili kwa sababu huko ndiko mbao inakonyonya, na chini kukawekwa karatasi ya lami. Siku hizi deki inapigwa Jumamosi.

Vidato sita vya kukazwa vilichukua Jumamosi moja na nusu. Kabari kuukuu inang'olewa kwa patasi, gundi ya zamani inakwanguliwa hadi mbao itokee (gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokufa), kabari mpya inapakwa gundi na kupigwa kwa nyundo hadi sauti ibadilike kutoka butu kuwa kavu. Hapo acha. Pigo moja zaidi linainua ubao au linapasua ubavu. Kabari zetu zina urefu wa milimita 150, upande mnene 20 na mwembamba 8, na zimechanwa kufuata nyuzi za mti. Katika kona ya ubao wa kukanyagia na wa wima, kila kidato kilipata vitalu viwili vya pembetatu, urefu wa milimita 75, kwa gundi na skrubu. Usiku wa baridi kali gundi nyeupe haishiki. Ikikauka na kuwa kama unga wa chaki, rudia. Julai Lushoto, gundi na mbao vilale karibu na jiko kwanza.

Kutoa ubao wa zamani kuna utaratibu wake, na anayeanza na mtaimbo kutoka juu anaharibu vitatu ili apate kimoja. Kazi yote iko chini: toa kabari, toa vitalu, kisha tafuta misumari inayofunga ubao wa wima wa juu kwenye mgongo wa kikanyagio, uikate kwa jino la msumeno wa chuma. Ndipo ubao unagongwa kurudi nyuma, taratibu, ukitoka kwenye mfereji kuelekea stoo. Uliotoka ndio kielelezo cha mpya. Usipime ngazi, pima ubao, kisha hakikisha kwenye mfereji, maana mbavu za zamani hazikai sambamba. Kati ya kidato cha pili na cha kumi na moja tofauti ya upana ilikuwa milimita saba. Unene ni ule ule wa 32, hapana ruhusa ya kuzidisha hata kama mtiki una nafasi. Wikendi moja vidato viwili, si zaidi, na kamwe si viwili vinavyofuatana, kwa sababu kuruka milimita 546 ni kazi kwa kijana na haiwezekani kwa bibi.

Rangi ya kijivu kwenye mbavu ilikwanguliwa ikiwa imeloweshwa. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na msasa mkavu unazigeuza vumbi ambalo watoto watalikanyaga na kulila. Makapi yalifungwa kwenye mfuko, watoto wakapelekwa kwa jirani.

Reli ya kushikia ilikuwa na kimo cha milimita 780 kutoka pua ya kidato, chini mno kwa mtu mzima; nguzo mpya zimeipandisha hadi 900. Kati ya kijiti na kijiti mpira wa milimita 100 usipite. Nguzo ya chini haikushikwa kwa msumari wa kushoto na kulia kama ilivyokuwa, bali kwa bolti iliyopenya hadi kwenye boriti ya sakafu. Mtu akiteleza, uzito wake wote unaishia hapo.

Vanishi ni ya mwisho, na ni ya Jumapili. Msasa namba 60, 100, kisha 150, daima kufuata nyuzi. Vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Koti la kwanza linapunguzwa kwa tapentaini kama sehemu moja kwa kumi ili lizame, mawili yanayofuata ni mazito. Koti moja kila wikendi, kuanzia juu kushuka chini, mpakaji wa mwisho akitokea mlango wa jikoni mizigo ikiwa tayari garini. Kidirisha cha juu kinaachwa wazi upana wa vidole viwili, kwa sababu ukungu ukifungiwa ndani vanishi inapata weupe. Mlinzi anaambiwa kwa mdomo, pia karatasi inabandikwa mlangoni. Tulichagua isiyong'aa: Lushoto watu hutembea na soksi ndani, na soksi ya sufu juu ya vanishi ya kioo ni barafu. Karibu na kila pua kuna mifereji mitatu ya milimita tatu, ili unyayo upate pa kushika.

Reli ilipakwa mafuta ya kitani, si vanishi, kwa sababu ya mkono. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto, na katika nyumba isiyo na mtu hadi Ijumaa hakuna wa kusikia harufu. Vinalowekwa kwenye ndoo ya maji au kutandazwa kimoja kimoja kwenye kamba nje. Hilo hukaguliwa hata kabla ya kufuli.

Kidato cha tisa bado kinalia, upande wa kulia, usiku wa baridi tu. Kabari ni nzima na skrubu zimekaza. Kinachosuguana ni ubavu na ukuta, na kuufikia ni kubomoa lipu, kazi ambayo haifunguliwi wakati wa masika. Imeandikwa Juni, ukuta ukishakauka.